Jeki ya Tela la Boti: Namna ya Kuichagua kwa Usalama

Swali ambalo wenye boti wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Lindi na vijiji vya pwani vilivyo kati yake huliuliza mara kwa mara ni moja: je, jeki iliyokuja na gari inatosha kubadilishia tairi la tela lililobeba boti? Jibu ni hapana, isipokuwa kama imekwisha kujaribiwa kwenye tela lenyewe na kuonekana inafaa, kwa sababu jeki ya gari ilitengenezwa kwa uzito wa gari lile na kwa mahali maalumu pa kulinyanyulia, ilhali tela la boti lina ekseli iliyo karibu na ardhi, lina mzigo ulio juu, na aghalabu hupatwa na pancha mahali penye mchanga.

Swali hili linawahusu watu wengi zaidi sasa kuliko zamani. Mashua na dau hujengwa ufukweni na kushushwa majini pale pale, lakini boti ya faiba huletwa kwa barabara, na inapohitaji matengenezo makubwa hurudi kwa barabara, na kwa kuwa bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, imekusudiwa kwa ajili ya vyombo vya uvuvi wa kisasa, matela ya boti yatazidi kuonekana katika barabara ya kutoka Nangurukuru. Ushauri unaofuata umeandikwa kwa ajili ya mwenye tela la ekseli moja au mbili linalovutwa na pikapu au gari la aina hiyo. Malori yana jeki zake na kanuni zake.

Kimo kwanza, uzito baadaye

Wanunuzi wengi huuliza tani kabla ya jambo lingine lolote. Tani ni muhimu, lakini jeki yenye tani za kutosha isiyoingia chini ya ekseli haina kazi, na kosa hili ndilo linalowakwamisha watu barabarani kuliko mengine yote. Chanzo chake ni kwamba kimo hupimwa nyumbani tairi likiwa limejaa upepo, wakati jeki itatumika siku ambayo tairi limelala.

Hesabu ya tela la kawaida lenye tairi la 195R14 inaonyesha tofauti hiyo. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani kutoka katikati ya rimu hadi ukingoni ni karibu sentimita 18, na ubavu wa tairi huongeza sentimita 15 hadi 16. Tairi likiwa na upepo na mzigo, kitovu cha gurudumu huwa kama sentimita 32 kutoka ardhini. Likilala, rimu hukalia mpira uliobanwa na kitovu hushuka hadi karibu sentimita 20. Ikiwa ekseli ni bomba la mraba la sentimita 5, nafasi iliyobaki kati ya tumbo la ekseli na ardhi ni sentimita 17 na nusu tu, na pale ambapo springi zimefungwa chini ya ekseli, bamba la yubolti, yaani skrubu zilizopindwa ambazo hushika springi, hupunguza nafasi hiyo zaidi.

Sasa iongezwe mbao. Juu ya mchanga jeki haiwezi kusimama bila mbao chini yake, na mbao ya unene wa sentimita 5 hula sentimita 5 za nafasi ile ile, hivyo zinabaki 12 na nusu. Jeki nyingi za chupa za tani 2 zikiwa zimeshuka kabisa zina kimo cha sentimita 15 hadi 18. Haziingii.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ni rahisi na haihitaji fedha: kabla ya kuweka jeki, gari livute tela taratibu hadi gurudumu lenye pancha lipande juu ya mbao nyingine ya unene huo huo, hapo ekseli itapanda sentimita 5 na nafasi iliyoliwa itarudi. Mbao hiyo huondolewa mara gurudumu likishanyanyuka. Hata hivyo, anayenunua jeki leo hana sababu ya kujitegemeza kwenye mbinu hii peke yake, na ni bora atafute jeki fupi tangu mwanzo.

Vipimo vitatu vinavyopaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani ni hivi:

- Kimo kutoka ardhini hadi mahali pa kunyanyulia, tairi likiwa halina upepo kabisa. Upepo utolewe, tela likiwa na boti juu yake, na kimo kipimwe kwa futi ya chuma.
- Kimo hicho hicho baada ya kutoa unene wa mbao ya chini. Jeki iliyoshuka kabisa lazima iwe fupi kuliko hapa.
- Kimo kinachohitajika ili tairi jipya lililojaa upepo liingie. Kwa mfano uliotajwa, kitovu kinapaswa kufika karibu sentimita 35 au 36, yaani jeki ipande sentimita 15 na zaidi, bila kuhesabu kiasi itakachozama.

Kipimo cha tatu ndicho husahauliwa. Kutoa tairi lililolala ni kazi ndogo, na ni wakati wa kuingiza lililojaa ndipo mtu hugundua kwamba jeki imefika mwisho wake. Juu ya mchanga anaweza kuchimba kidogo chini ya gurudumu ili kupata nafasi, lakini asichimbe karibu na mbao ya jeki.

Uzito halisi wa mzigo

Wenye boti hutaja uzito wa boti tupu kama walivyoambiwa na muuzaji, kisha husahau vilivyomo. Mfano wa boti ya wastani unaweza kuhesabiwa hivi: boti yenyewe kilo 900, mashine ya farasi 40 ya mapigo mawili karibu kilo 75, petroli lita 100, ambayo ni kama kilo 75, nanga, kamba na nyavu kilo 150, maji ya ngama, yaani maji yaliyokusanyika chini tumboni mwa boti, lita 100 ambazo ni kama kilo 100, na tela lenyewe kilo 400. Jumla ni kilo 1,700, na kila upande hubeba karibu 850.

Kanuni salama ni kununua jeki inayoweza kubeba angalau mara mbili ya uzito wa upande mmoja. Kwa mfano huu ni tani 2. Mwenye tela la ekseli mbili asidhani kwamba magurudumu manne humruhusu kugawa kwa nne, kwa sababu gurudumu moja linaponyanyuliwa springi za jirani yake hulegea, na jeki huishia kubeba sehemu kubwa ya uzito wa upande mzima. Tela la ekseli mbili lenye jumla ya kilo 3,000 lihesabiwe kuwa na kilo 1,500 upande mmoja, na jeki yake iwe ya tani 3 au zaidi.

Kupunguza mzigo papo hapo kunasaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Watu wote washuke kwenye boti, madumu ya petroli na nanga vishushwe, na kizibo cha ngama kifunguliwe maji yatoke. Mikanda inayofunga boti kwenye tela isilegezwe kamwe, maana tela likiinama upande mmoja, mikanda hiyo ndiyo inayoizuia boti isiteleze.

Aina za jeki na hukumu juu ya kila moja

*Jeki ya mkasi.* Hii ina mikono minne inayofunguka kwa skrubu. Hushuka chini sana, nyingine hadi karibu sentimita 10, haina mafuta ya kuvuja, na haiwezi kushuka yenyewe skrubu ikiwa nzima. Udhaifu wake ni kwamba zile zinazokuja na magari madogo huwa na uwezo wa tani 1 au zaidi kidogo, kitako chembamba, na kichwa chenye mfereji ulioumbwa kushika ukingo wa bati wa gari hilo; kichwa kama hicho kikiwekwa chini ya ekseli ya mraba hugusa kwa kingo mbili nyembamba na kuteleza. Jeki ya mkasi iliyonunuliwa mahususi, ya tani 2, yenye kitako kipana na kichwa bapa, ndiyo inayofaa zaidi kwa tela la ekseli moja katika pwani hii.

*Jeki ya chupa.* Huitwa pia jeki ya mafuta, kwa kuwa husukumwa na mafuta yaliyo ndani ya silinda. Ina nguvu, hupanda kwa urahisi, na inafaa matela mazito ya ekseli mbili ambayo aghalabu huwa na nafasi zaidi. Ichaguliwe aina fupi yenye skrubu ya kuongeza kimo juu ya kichwa chake. Lazima isimame wima, kwa sababu nyingi hazisukumi zikilazwa, na ikiinama chini ya mzigo hubanwa upande mmoja na kutoka mahali pake. Chumvi ndiyo adui yake: nguzo inayopanda ikipata kutu, vijishimo vya kutu hukwaruza mpira unaozuia mafuta, na jeki huanza kushuka polepole bila sauti.

*Jeki ya toroli.* Ni nzuri kwenye sakafu ya gereji. Magurudumu yake madogo huzama mchangani, na jeki hii inahitaji kusogea kidogo inapopanda, kwa hiyo isipewe nafasi ndani ya gari la safari.

*Jeki ndefu ya nguzo yenye matundu.* Wapo wanaoipenda kwa sababu hufika juu na haihitaji kuingia chini ya ekseli. Kwa tela la boti haifai. Husimama kwa kitako kidogo, huegemea kwa urahisi, na mpini wake ukiponyoka chini ya mzigo hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja taya la mtu. Boti ikiwa juu ya tela hufanya uzito wote uwe juu, na kuegemea kidogo tu hugeuka kuwa kuanguka.

*Gurudumu dogo la mbele ya tela.* Kifaa hiki cha kuzungusha kwa mkono kimewekwa kwa ajili ya kubeba pua ya tela linapotenganishwa na gari. Hakikuwekwa kwa ajili ya kubadilishia tairi.

Mahali pa kuweka kichwa cha jeki

Kwenye ekseli ya kawaida yenye springi za majani, jeki iwekwe chini ya ekseli karibu kabisa na springi, upande wa gurudumu lenye pancha. Ikiwekwa katikati, ekseli inaweza kupinda, na ekseli iliyopinda hula matairi mapya kwa miezi michache. Kuna pia ekseli zisizo na springi za majani, ambazo ndani ya bomba lake kuna mipira inayofanya kazi ya springi. Hizi zisinyanyuliwe kwa bomba, bali kwa fremu ya tela pale bomba linapofungwa, na hapo jeki itahitaji kupanda zaidi. Tumbo la boti lisiguswe na jeki kwa hali yoyote.

Mchanga, maji na mteremko

Kitako cha jeki ndogo kina upana wa kama sentimita 10 kwa 10, yaani eneo la sentimita za mraba 100. Kilo 850 zikikalia hapo, kila sentimita ya mraba hubeba kilo 8 na nusu, na mchanga hauwezi. Kitako hicho kikiwekwa juu ya mbao ya sentimita 40 kwa 40, kila sentimita ya mraba hubaki na kama nusu kilo tu, na jeki husimama. Mbao iwe ngumu, kavu, isiyo na ufa, ya unene wa sentimita 4 hadi 5; iliyo nyembamba hupinda katikati na kukiacha kitako kikizama pamoja nayo. Lindi haina uhaba wa mbao za namna hii. Rondo, uwanda ulioinuka hadi zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari magharibi ya mji wa Lindi, umejulikana kwa miti ya mbao tangu enzi za ukoloni, mvule ukiwa na sifa ya kwanza, na mabaki ya mbao ngumu yanayopatikana kwa wauza mbao halali yanatosha kabisa kwa kazi hii. Hakuna haja ya kukata mti kwa ajili ya kitako cha jeki.

Mchanga wenye maji una hila yake. Pale maji yanapokupwa, ufukwe huonekana mgumu na hata mguu wa mtu hauachi alama ya kina, lakini jeki inapoanza kupanda, maji hujitokeza pembeni mwa mbao kama utando unaong'aa, vipovu hufuata, na upande mmoja wa mbao huanza kuzama kabla ya mwingine. Anayeona utando huo ashushe jeki mara moja. Pia akumbuke kwamba wakati wa bamvua maji katika pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kati ya kujaa mara moja na kujaa tena hupita saa 12 na dakika chache, hivyo pancha iliyopatikana maji yakianza kujaa haina muda wa majaribio. Tela livutwe polepole hadi juu ya alama ya maji makuu, hata kwa tairi lililolala. Tairi litaharibika na pengine rimu pia, lakini hivyo hununuliwa tena.

Barabarani tahadhari ni nyingine. Kingo za barabara zilizojazwa udongo upya ni laini kuliko zinavyoonekana, na anayepita Somanga, ambako mafuriko ya mwaka 2024 yalikata barabara kuu, anajua udongo wa kando unavyoweza kubebwa na maji. Anayeshuka kutoka Rondo kwa tela la boti lililobeba mbao asibadilishe tairi mteremkoni. Aendelee kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi apate mahali tambarare.

Hatua za kazi

1. Tela libaki limefungwa kwenye gari, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia imewekwa. Tela lililotenganishwa huweza kuzunguka juu ya jeki.
2. Pembetatu za kuakisi ziwekwe mbali nyuma ya tela, kwa kuwa boti hutokeza nyuma na usiku tezi yake, yaani sehemu yake ya nyuma, haionekani mapema.
3. Gurudumu la upande wa pili lizuiwe kwa kabari mbili, moja mbele na moja nyuma.
4. Nati zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado ardhini. Nati zilizoshikwa na chumvi zinahitaji nguvu, na nguvu hiyo ikitumika tela likiwa juu hulisukuma kutoka kwenye jeki.
5. Mbao iwekwe, jeki isimame wima juu yake, kisha ipande hadi iguse tu. Hapa mtu asimame, atazame kutoka mbele na kutoka pembeni, na kama jeki imeinama aanze upya.
6. Tela linyanyuliwe, kisha stendi ya chuma iwekwe chini ya ekseli au fremu, juu ya mbao yake yenyewe, na uzito ushushwe kidogo juu ya stendi hiyo.
7. Tairi libadilishwe, nati zikazwe kwa mkono kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, na zikazwe kwa nguvu baada ya gurudumu kugusa ardhi.
8. Baada ya kilomita kama 50 nati zikazwe tena, na habu iguswe kwa tahadhari. Ikiwa na joto kali, beringi imeingiwa na maji ya chumvi au imekosa grisi, na huenda hiyo ndiyo iliyoua tairi la kwanza.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kazi ya jeki ni kunyanyua, na kazi ya kushikilia ni ya stendi. Asiye na stendi alaze tairi la spea chini ya fremu, karibu na gurudumu linalofunguliwa, na baadaye alibadilishe na tairi lililotolewa. Hakuna hali inayohalalisha kuweka mkono, mguu au kichwa chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba vijana kumi wanatosha kunyanyua upande wa tela. Huenda wanatosha, lakini mmoja akiteleza uzito huhamia kwa wengine kwa ghafla, na anayefunga nati ndiye aliye karibu zaidi na rimu.

Wengine hutumia mawe ya matumbawe au matofali ya saruji mahali pa stendi, kwa kuwa yapo kila mahali. Jiwe la matumbawe limejaa matundu ndani, na tofali la saruji hupasuka bila dalili linapobanwa kwa ncha ya chuma. Mbao ngumu zilizopangwa kwa kupishana ni salama kuliko vyote viwili.

Pingamizi la tatu ni bei, na hili ni la haki, kwani mvuvi hununua petroli na nyavu kwanza. Jeki moja nzuri inaweza kutumiwa na wenye boti watatu au wanne wa bandari moja, mradi kila mmoja awe amepima tela lake na safari zao zisigongane.

Dukani na baada ya dukani

- Uwezo wa jeki uwe umeandikwa kwenye mwili wake. Isiyo na maandishi isinunuliwe, hata ikiwa nzito mkononi.
- Jeki ya chupa iliyotumika ijaribiwe chini ya gari: ipandishwe, alama iwekwe kwa chaki, na baada ya dakika 10 itazamwe. Ikiwa imeshuka, iachwe.
- Nguzo ya jeki ya chupa ing'ae bila vijishimo, na skrubu ya mkasi iwe na meno kamili.
- Mafuta ya breki yasitiwe ndani ya jeki ya chupa, kwa sababu huharibu mipira yake. Yatumike mafuta ya jeki.
- Kila baada ya kufika ufukweni, jeki isuguliwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, skrubu ipakwe grisi, na ya chupa ihifadhiwe ikiwa imeshuka kabisa ili nguzo yake isipigwe na hewa ya bahari.

Msomaji mwenye tela anaombwa afanye jambo moja kabla ya bamvua lijalo: atoe upepo katika tairi moja boti ikiwa juu ya tela, mbele ya nyumba yake, mchana, na abadilishe tairi hilo kwa jeki aliyonayo sasa.